Kutafuta Spea Ughaibuni: Tepu ya Bibi na Mashine Mbili

Poleni na baridi, poleni na mitihani, na wale wa zamu za usiku poleni na maboksi. Mhariri aliniomba niandike chochote kuhusu maisha ya mwanafunzi huku ughaibuni. Nikamwambia ya viza na ya kodi ya nyumba wenzangu wameshayaandika, tena vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Mimi nitaandika kuhusu spea. Naam, spea: mipira, kapasita na plagi za mashine iliyotengenezwa kabla mama yangu hajazaliwa. Msicheke kwanza. Mkifika mwisho mtaona kwamba na ninyi mna deni kama langu.

Chanzo cha yote ni tepu moja. Kwa wale wadogo zangu ambao hata kaseti wameiona kwa mbali, zamani kabla ya kaseti watu walirekodi kwenye tepu ya magurudumu, yaani utepe mrefu uliozungushwa kwenye rili, huku unatoka na huku unaingia. Kaseti ilikuja mwaka 1963, Philips walipoitoa, na polepole ikazifukuza zile mashine kubwa majumbani. Lakini kabla ya hapo, na hata baadaye kidogo, mtu mwenye mashine ya rili alikuwa mtu wa maana mtaani.

Babu yangu mzaa mama hakuwa tajiri. Alikuwa karani kwenye shamba la mkonge mkoani Tanga. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha mashamba mengi ya mkonge, na meneja Mzungu wa pale akafunga virago. Vitu vingine aliuza, vingine akagawa. Babu akaambulia mashine ya Grundig, moja ya zile za TK, na rili tatu. Rili mbili zilipotea. Moja ikabaki, na kwenye hiyo moja kuna sauti ya Bibi akisimulia ngano usiku, watoto wamemzunguka.

Bibi alifariki mwaka 1979. Mama yangu alikuwa na miaka sita. Sura ya mama yake anaikumbuka, maana picha ipo ukutani, lakini sauti hapana. Aliwahi kuniambia jambo moja ambalo sijalisahau: kwamba akimwota mama yake, midomo inacheza lakini hakitoki kitu. Na mimi ndiye niliyepewa jina la Bibi. Ndiyo maana Mjomba, kaka yake mama, hajawahi kuniita kwa jina langu hata siku moja. Ananiita "Mama".

Mashine ya Babu yenyewe iliharibika mpira mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati ule, wazee watawaambia, hata sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse mpira wa tepu rikoda ya Kijerumani. Ikauzwa kama chuma chakavu. Tepu ikabaki kwenye sanduku la Mjomba, imefungwa kwa kanga.

Mjomba ni fundi redio, pale Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Kibanda chake ndicho kilichonilea likizo zote za shule. Kulehemu nilijua kabla sijajua kukaanga samaki. Nilipopata nafasi ya kuja kusoma hapa Leeds mwaka 2023, alikuja kuniaga na lile furushi la kanga mkononi. Akasema, "Mama, nenda nayo. Huko zilikotoka mashine haziwezi kukosekana. Lakini tepu hii isitoke mkononi mwako. Usimwachie mtu." Nikamwapia.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini sikuipeleka kwenye kampuni za kuhamisha tepu kwenye kompyuta, jibu ndilo hilo. Kampuni hizo zipo, na kwa watu wengi ndiyo njia nzuri, nitaeleza mbele. Mimi nilikuwa na kiapo.

MASHINE YA KWANZA

Hapa Uingereza siku za Jumapili kuna masoko ya buti. Watu wanaegesha magari uwanjani, wanafungua buti, wanapanga vikombe vya marehemu shangazi, viatu, vitabu, na vikorokoro vya umeme. Ukifika saa kumi na mbili asubuhi unawakuta wajanja wenye tochi. Ukifika saa nne unakuta vikombe. Mimi nilizoea kutoka zamu ya usiku na kupitia hukohuko, na Jumapili ya tano nikaipata: Grundig ya vali, kasha la kijivu, mfuniko mzima, pauni 15. Muuzaji akanihakikishia kwamba "ilikuwa inafanya kazi". Kila kitu duniani kilikuwa kinafanya kazi, si ndiyo?

Sikuiwasha. Kanuni ya kwanza ya kibanda cha Mjomba ni kwamba mashine iliyolala miaka mingi haiamshwi kwa kuchomekwa kwenye umeme. Inafunguliwa kwanza. Mashine ya vali ndani yake kuna umeme wa volti mia mbili na zaidi, na kapasita kubwa za umeme zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Unazimaliza chaji kwa rezista, unapima kwa mita, ndipo unatia mkono.

Nilipofungua nikakuta kila kitu kiko mahali pake, isipokuwa mpira. Mpira una tabia zake ukizeeka. Ukanda mmoja ulikuwa umegeuka kuwa lami, nyeusi, ya kunata, imemwagika kwenye chuma chote. Kigurudumu cha kubana, kile kinachoikandamiza tepu kwenye mhimili unaoivuta, kilikuwa kigumu kama kokwa ya embe. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Waliounda ile mashine hawakumwahidi mtu miaka sitini.

Basi msako ukaanza.

KINAITWAJE, AU KINAFANYA KAZI GANI?

Nilianza kama anavyoanza mwanafunzi yeyote, kwa kutafuta jina. Nikawa na orodha: namba ya kila kipande, jina lake la Kijerumani, na picha. Nikaenda kwenye mkutano wa wapenzi wa redio za zamani. Waingereza wana chama chao cha mambo hayo, British Vintage Wireless Society, kilichoanzishwa mwaka 1976, na wanachama wake hukutana kuuziana na kubadilishana vifaa. Ukiingia ukumbini unajiona uko Gerezani kwa mafundi, ila hapa mafundi wote wana mvi na wamevaa sweta. Mimi nilikuwa Mwafrika peke yangu, na nadhani mdogo kuliko wote kwa miaka thelathini. Walinipokea vizuri, lazima niseme. Chai nilipewa mara tatu.

Kwenye meza moja nikakiona kigurudumu nilichokuwa nakitafuta. Cha asili, kwenye pakiti yake ambayo haijafunguliwa tangu kiwandani. Moyo ukanidunda. Bei: pauni 40. Yule mzee akaniuliza mashine yangu ni ya mwaka gani, namba gani, kasha lina hali gani. Nikamweleza, nikamweleza na habari ya tepu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema angependa kipande kile kiende kwenye mashine ambayo bado ni kamili, yaani ya makumbusho. Hakusema kwa ubaya. Yeye anaitunza mashine, mimi nilitaka kilichomo kwenye tepu.

Usiku nikampigia Mjomba kwa WhatsApp.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba Mama. Umepata?"

Nikamsimulia, nikalalamika kuhusu ile bei na lile jibu. Mjomba akacheka hadi akakohoa. "Umeponea chupuchupu," akasema. "Mpira uliokaa kwenye pakiti miaka sitini nao umekula miaka sitini. Ungenunua uzee kwa pauni 40. Sasa acha kuuliza kinaitwaje. Uliza kinafanya kazi gani."

Jamani, hayo maneno yaliubadilisha msako wote. Nikakaa chini na karatasi, nikapanga vipande vyote mafungu mawili: vile ambavyo lazima viwe sawasawa kabisa, na vile vinavyotakiwa tu kufanya kazi yao.

Chukua hicho kigurudumu cha kubana. Kazi yake ni kuikandamiza tepu. Mwendo wa tepu hauamuliwi na chenyewe, unaamuliwa na ule mhimili wa chuma unaozunguka, unene wake na kasi yake. Kwa hiyo kigurudumu kikizidi au kikipungua unene kidogo, spidi haibadiliki. Kinachotakiwa ni kiwe laini, kiwe duara kamili, na kikae wima. Kumbe siyo lazima kiwe cha asili! Nikapata mtu anayevika mpira mpya kwenye vyuma vya zamani. Nikamtumia chuma changu, kikarudi kimevaa mpira mpya, kwa chini ya nusu ya ile bei.

Ukanda nao hivyohivyo. Ukanda ni duara, unene, na umbo, kwamba ni bapa au wa pembe nne. Hauna kabila. Unachukua uzi, unauzungusha njia nzima ambayo ukanda utapita, unapima, kisha unanunua ulio mfupi kwa asilimia kama tano hivi ili ukae umejivuta. Ukiwa mlegevu utateleza na sauti itayumba kama mlevi. Ukikaza mno utakula beringi. Mikanda niliagiza Ujerumani. Hapo nako kuna somo: tangu Januari 2021 vifurushi vya kutoka Ulaya kuja Uingereza vina mambo ya forodha na kodi, na wauzaji wadogo wengine hawataki usumbufu. Nikamtumia binamu wa rafiki yangu anayesoma Hamburg, akainunua, akaja nayo kwenye begi alipokuja kutembea. Mtandao wetu wa kubebeana dagaa na unga wa muhogo umebeba na mikanda ya Grundig.

Kapasita ndizo zilizonifundisha hesabu za kihistoria. Kwenye mchoro wa mashine imeandikwa mikrofaradi 50. Nenda dukani leo, hakuna 50. Kuna 47. Imeandikwa 32, duka lina 33. Mtu asiyejua anaweza kuhangaika wiki nzima akitafuta 50 ya asili. Lakini kapasita za aina hiyo zamani zilikuwa na uvumilivu mkubwa, namba iliyoandikwa na iliyomo ndani zilitofautiana kwa asilimia ishirini na zaidi. Kwa hiyo 47 inakaa pale bila wasiwasi wowote. Usichokipunguza ni volti. Ikiandikwa volti 350, weka 350 au zaidi, kamwe usiweke chini. Zile ndogo za karatasi na nta nilizing'oa zote, maana zikizeeka zinavuja umeme na kuiua vali ya mwisho, na vali ndiyo ghali.

Aliyenisaidia hapo ni mzee mmoja mstaafu, zamani fundi televisheni, niliyekutana naye kwenye ule mkutano. Gereji yake ina makopo ya kahawa yaliyojaa kapasita kwa mpangilio wa namba. Nilipotaka kulipa akakataa. Akasema nikirudi nimweleze tu tepu ile ina nini. Siku ya tatu akaniuliza nimejifunza wapi kulehemu vizuri hivyo. Nikamwambia Tanga, kwa mjomba wangu, kwa mkaa, maana umeme ulikuwa unakatika na chuma cha kulehemu tulikipasha kwenye jiko. Akanyamaza kidogo, akasema na yeye alianza na chuma cha jiko la gesi, mwaka 1958. Tukawa marafiki.

SAUTI ILIYOCHANGANYIKA

Mwezi wa tatu mashine ikawa tayari. Nikaisafisha vichwa kwa spiriti, nikaondoa usumaku kwenye njia ya tepu, kisha nikajaribu kwanza na tepu za watu, za pauni moja moja, ambazo hata zikiliwa hakuna anayelia. Nilipiga saa nane kwa siku mbili. Haikula hata moja. Ile taa yake ya kijani, wazee waliita jicho, ikawa inafumba na kufumbua vizuri.

Na tepu yenyewe niliikagua. Tepu za zamani zipo za asetati, ambazo ukiziweka mbele ya mwanga rili inapenyeza mwanga, na zikizeeka zinakatika kama bisi; zikianza kunuka siki ujue zinaoza. Yetu ilikuwa ya BASF, ya plastiki, haina harufu, haijakunjamana. Kanga ya Bibi na sanduku la mninga viliitunza.

Ijumaa usiku, baada ya swala ya isha, nikaweka tepu. Mjomba yuko kwenye simu. Nikabonyeza.

Sauti ya mwanamke ikatoka. Hapo hapo, chini yake, ikatoka sauti nyingine inayozungumza kinyumenyume, kama mtu anayemeza maneno. Nikasimamisha. Nikaanza tena. Hivyohivyo. Maneno mawili matatu unayashika, ya nne yanazama.

Mjomba kwenye simu kimya. Kisha akasema taratibu, "Ya Babu yako ilikuwa ya njia nne."

Niwaeleze. Tepu ile ina upana wa milimita 6.3 tu. Mashine ya njia mbili inaugawa nusu kwa nusu: unarekodi nusu ya juu, ukifika mwisho unageuza rili, nusu ya chini inakuja juu. Mashine ya njia nne inaugawa mara nne, ili tepu ileile ibebe mara mbili zaidi. Njia ya kwanza na ya tatu zinakwenda upande mmoja, ya pili na ya nne zinakwenda upande wa kinyume. Sasa kichwa cha njia mbili ni kipana. Kikiwekewa tepu ya njia nne kinasoma njia ya kwanza, na hapohapo kinadokoa ya pili ambayo inarudi nyuma. Ndicho nilichokuwa nakisikia. Na kasha la tepu halikuandikwa, na Mjomba alikuwa mtoto wa miaka mitano mashine ilipoingia nyumbani. Hakuna aliyeweza kujua mpaka isikike.

Kompyuta haiwezi kulitenganisha hilo vizuri. Kilichohitajika ni kichwa cha njia nne, na kichwa ni katika lile fungu la kwanza, la vitu ambavyo lazima viwe sawasawa kabisa.

KUCHINJA

Ilichukua wiki tisa. Nilikuwa na mitihani, na kisheria mwanafunzi wa viza haruhusiwi kuzidi saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo mfuko nao ulikuwa na mitihani yake. Mwishowe yule mzee mstaafu akaniambia kuna jamaa yake Bradford ana Grundig ya njia nne kwenye banda la bustani, tangu mkewe afariki hajaigusa. Tukaenda.

Ilikuwa hali mbaya. Kasha limepasuka, panya wamekula nyaya, transfoma imeungua, mpira wote lami. Lakini kichwa kilikuwa kizima, hakijalika, kinang'aa. Na kwa umbo, hii na ile yangu zilikuwa ndugu wa tumbo moja: chasi moja, mota moja, vipuri vingi vinaingiliana.

Nilidhani nitahamisha kichwa tu. Mjomba na yule mzee, ambao kufikia hapo walikuwa wanaongea kupitia kwangu kama mawaziri wa mambo ya nje, wote wawili wakakataa. Kichwa cha njia nne kimewekwa kwenye kiti chake kwa vipimo vya kiwandani, na swichi yake ya kuchagua njia ina nyaya zake. Ni rahisi zaidi kukiacha kilipo na kuileta mashine yote iliyobaki kwake. Maana yake: ile nzuri, niliyoihangaikia miezi mitatu, ndiyo ichinjwe, ili ile mbovu iishi.

Kwetu kuchinja mashine ni jambo la kawaida. Gari linachinjwa, redio inachinjwa, hakuna anayetoa machozi. Lakini nawaambia ukweli, nilikaa nayo usiku mzima ile Grundig ya pauni 15. Ilikuwa inaimba vizuri. Haikuwa na kosa lolote ila kwamba haikuwa na kichwa nilichokihitaji. Nikamkumbuka yule mzee wa kigurudumu cha pauni 40, na kwa mara ya kwanza nikamwelewa. Asubuhi nikachukua bisibisi.

Transfoma, vali, mikanda mipya, kigurudumu kilichovikwa mpira, kapasita zote nilizozilehemu, vikahama. Siku nne. Ukimaliza unabaki na kasha zuri la kijivu lisilo na kitu ndani. Bado ninalo, naweka unga wa ugali.

Kitu cha mwisho kabisa kilikuwa plagi. Mashine za Kijerumani za wakati ule zinatumia plagi za DIN, zile za mduara zenye pini ndani, huwezi kuchomeka waya wa leo. Kumbe plagi ya pini tano ya aina hiyo ndiyo ileile inayotumika kuunganishia vinanda vya umeme, na duka lolote la muziki linayo. Nikanunua, nikalehemu waya wa kuingia kwenye kompyuta.

Nikabonyeza.

KILICHOKUWEMO

Sauti moja, safi. Bibi anasimulia ngano ya sungura na fisi. Kuna sauti ya jenereta la shambani kwa mbali. Kuna mtoto anakohoa, Bibi anakatisha ngano, anasema, "Mpe maji huyo," kisha anaendelea pale pale alipoachia, hakupoteza hata neno.

Na kwa kuwa ni njia nne, tepu tuliyodhani ni ya saa moja na nusu ilikuwa na nafasi ya saa tatu na zaidi. Njia ya pili ni Babu, anajaribu mashine, anahesabu kwa Kiingereza moja mpaka mia. Ya tatu ni taarab iliyorekodiwa kutoka redioni, na juu yake Bibi anaifuatisha, hajui kwamba mashine inarekodi. Ya nne ina dakika kumi na moja tu, kisha ukimya.

Nilituma Tanga siku ya Idi, watu wote wakiwa nyumbani kwa Mjomba. Niliwaona kwenye simu. Mama alikaa kwenye mkeka, mkono shavuni. Mwanzo hakuna aliyesema kitu. Ilipofika pale pa "Mpe maji huyo", Mjomba akamgeukia dada yake akasema, "Mbona ni wewe huyo?" Watu wakaangua kicheko, maana ni kweli: sauti ileile, amri ileile, tumeisikia maisha yetu yote jikoni kwetu. Mama hakucheka wala hakulia. Akasema, "Rudisha nyuma kidogo." Ikarudishwa. Akasema tena, "Rudisha." Mara ya nne Mjomba akaacha tu irudie yenyewe, wakaenda kupakua pilau.

Nilipomsimulia yule mzee mstaafu, akaomba asikie. Neno hajui hata moja. Alisikiliza dakika ishirini, kisha akaniuliza nani alikuwa anakohoa. Nikampigia Mjomba. Ni Mjomba.

YENYE FAIDA KWENU

Sasa, wapendwa, nisije nikaambiwa nimewapigia hadithi tu. Mkirudi nyumbani likizo, fungueni masanduku. Mkikuta tepu au kaseti, fanyeni haya.

Kwanza, msiipige kwenye mashine yoyote iliyo karibu. Mashine mbovu inaweza kuila tepu ndani ya sekunde tano. Jaribuni na tepu isiyo na thamani kwanza.

Pili, kama hujui kushika chuma cha kulehemu na huna Mjomba, wape wanaojua, kampuni au chuo. Waulizeni swali moja kabla ya kulipa: mashine yenu ni ya njia mbili au nne? Wakikujibu papo hapo, wanajua kazi.

Tatu, angalieni umeme. Nyumbani, Uingereza na Oman ni hezi 50. Marekani na Saudia ni 60. Mashine nyingi za zamani mota yake inafuata hezi, si volti, hivyo transfoma peke yake haitoshi. Ya Marekani ukiipeleka Dar itakwenda pole kwa sehemu moja ya sita, na Bibi yako atasikika kama babu. Tafuta puli ya hezi 50.

Nne, andikeni kwenye kasha: nani, wapi, mwaka gani. Kalamu ya shilingi mia mbili ingeniokoa miezi miwili.

Tano, msingoje. Spea za mashine hizi, kama nilivyowaonyesha, nyingi zinatengenezeka au zina mbadala. Kisichotengenezeka ni kichwa, na mtu anayejua aliyekohoa ni nani.

Ile Grundig iliyobaki ipo chumbani kwangu, nzima, na mwezi wa Septemba naipeleka Tanga kwenye boksi la meli, maana Mjomba anasema Ngamiani nzima ina masanduku. Kabla haijaondoka, mwenye tepu ya rili hapa kaskazini mwa Uingereza anitafute kupitia kwa mhariri. Silipishi. Ila nitakuuliza tepu yako ina nini.

Tuonane toleo lijalo, Mungu akipenda.